Vidole vya Mnyama wa Sururu

Wifi yangu akishuka ngazi za chumba cha chini, namsikia kabla hajafika mlangoni, kwa sababu huvaa viatu vya kisigino katika jengo ambalo nusu ya sakafu yake ni saruji iliyopasuka. Sisi wengine wote wa makumbusho huvaa raba. Yeye hapana. Yeye lazima hata mawe yajue kwamba Daktari anakuja.

Jumatatu ile alikuja na karatasi mkononi na miwani kichwani. Nilikuwa nimeinamia hadubini, sindano mkononi, nikamwacha asimame. Fundi akiwa na sindano juu ya mfupa hasemeshwi. Hiyo ni sheria ya chumba changu, na ndiyo pekee ambayo wifi huiheshimu.

Nilipoiweka sindano chini akasema, "Hujambo, wifi."

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuko palepale."

Akaitazama karatasi yake. "Nimemaliza orodha ya majina ya mifupa. Alhamisi kamati inakaa kuipitisha. Nimeona nishuke mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Sanduku la arobaini na moja nimeliingiza kwenye Kichwabapa."

Kichwabapa ni jina letu la huku chini. Jina lake halisi ni la Kilatini, refu kama treni, na aliyelitoa ni wifi yangu, zamani, akiwa bado msichana mwembamba aliyetoka kusoma. Ni jenasi, yaani jamii moja yenye jina lake, ya wanyama wa miguu minne wa mwanzo kabisa, wale waliojikokota kutoka majini wakati nchi kavu haijaona hata mjusi. Fuvu lake ni kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa na lori. Kwa Kichwabapa huyo wifi alipata udaktari, ofisi yenye dirisha, na kiburi cha kumtosha yeye na ukoo mzima.

Sanduku la arobaini na moja lina mnyama mwingine. Aliyemchimba ni mume wangu, ambaye ni mdogo wake wifi, mtoto wa mwisho kwao. Watu wote walimwita Sururu, kwa kuwa hakuwa na cheti cha maana lakini alikuwa na mkono wa kuchimba na jicho la kuona mfupa ndani ya mwamba pale ambapo madaktari wanaona mwamba tu. Alimtoa mnyama yule kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya ujenzi. Fuvu lilikuwa limesagika, mgongo nusu, lakini mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa mzima. Juu ya sanduku aliandika kwa penseli: "Jenasi mpya?" Akafa kabla hajapata jibu.

Kazi ya kutoa majina ina sheria moja ngumu kuliko ndoa. Jina lililochapishwa kwanza ndilo linaloshinda. Mnyama wa Sururu akihesabiwa kuwa ni Kichwabapa, basi amekwisha. Anamezwa, anabandikwa lebo ya wifi, na wa kumtofautisha hayupo tena. Akihesabiwa kuwa ni wa peke yake, anapewa jina jipya, na jina hilo halifi hata tukifa sisi sote. Hilo ndilo lililokuwa kwenye ile karatasi.

"Mdogo wako aliandika jenasi mpya," nikamwambia.

"Aliandika na alama ya kuuliza."

"Kwa hiyo ndiyo unamjibu leo? Miaka ishirini na miwili yuko kaburini, ndiyo umepata nafasi?"

"Namjibu kwa ushahidi, wifi. Fuvu halisomeki. Ugoko ni mnene, lakini unene ni umri tu. Kinachobaki ni mguu, na mguu una vidole vitano, kama Kichwabapa." Akavuta pumzi. "Uliusafisha wewe mwenyewe. Ulitaka nione vidole ambavyo wewe hukuviona?"

Akapanda ngazi, ko, ko, ko. Nilitaka kumrushia chupa ya gundi.

Kilichoniuma si kiburi chake. Nimekizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Kilichoniuma ni kwamba vidole nilikuwa nimeviona. Vilikuwa saba.

Nieleze vizuri, maana nimeficha vya kutosha. Mfupa wa kale hautoki kwenye jiwe kama njugu kwenye ganda. Unakaa miezi, jicho kwenye hadubini, unakwangua chembe moja moja kwa sindano. Ule mguu ulinichukua miezi minane. Nilikuwa nimeshatoa vidole vitano, vizuri kabisa, Sururu ameshavichora kwenye daftari lake, nikabakiza kusafisha ukingo. Ndipo nikaona weusi unang'aa pembeni ya kifundo. Kidole cha sita, kila kifupa kama punje ya mchele. Chini yake, kimejikunja, cha saba.

Vitabu vyote tulivyokuwa navyo wakati ule vilisema vitano. Lakini Sururu alikuwa haamini. Alikuwa akisema mezani, mdomo umejaa, kwamba siku moja atapatikana wa vidole sita na watu wazima watalia. Kisha alikuwa akiongeza jambo ambalo mimi ndilo nililolisikia kuliko mengine yote: "Na nikimpata mimi, itabidi nirudi kule mpaka nipate mguu wa pili. Mguu mmoja watasema ni kilema."

Wiki moja kabla ya siku ile alikuwa amerudi kutoka machimboni baada ya miezi mitano. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Alimkimbilia mlangoni, akakutana na mtu mwenye ndevu na vumbi, akapiga yowe, akaja kujificha kwenye sketi yangu. Baba yake akachuchumaa kizingitini na mfuko wa peremende, akimwita jina lake, na mtoto hamtaki. Nilichoka. Nilikuwa mjane wa mtu aliye hai, nafua nguo za mtu ambaye hazivai. Nilipoviona vile vidole sikuona ugunduzi. Niliona miezi mingine mitano, na mingine mitano baada ya hiyo.

Nikavikwangua mpaka vikawa vumbi. Haikuchukua hata nusu saa. Kwenye kifundo vikabaki vishimo viwili, pale ambapo vidole hivyo hukalia, nikachanganya gundi na unga wa jiwe lilelile, nikaviziba, nikachora mikwaruzo kwa sindano ili pafanane na pengine pote. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Wataalamu kutoka nchi tano wameutazama mguu ule na hakuna aliyenusa kitu.

Sururu alitazama kwa lenzi, akahesabu mara mbili. "Vitano," akasema, na uso ukamshuka. "Kumbe ni wa dada tu." Kwa ukaidi akaandika ile penseli yake, akafunga sanduku. Baada ya wiki tano akarudi machimboni kutafuta mnyama mwingine, ukuta wa mawe ukamwangukia.

Msibani, mbele ya wanawake waliojaa sebule yangu, wifi alinitazama usoni akasema, "Mke mwenye akili angemzuia asirudi kule." Sikumjibu siku ile. Tangu hapo tunasalimiana kwa sababu ya kazi, na kwa sababu binti yangu anampenda shangazi yake na kumpigia simu kila Jumapili, jambo ambalo linanitia kichefuchefu.

Miaka miwili baada ya mazishi zikaja habari kwamba watu wa nchi nyingine wamepata wanyama wa kale wa vidole vingi, wa sita, wa saba, hata wanane. Wifi alisoma makala hiyo kwa sauti chumba cha chai, amefurahi kama mtoto. Mimi nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka wenzangu wakaanza kugonga. Ningesema siku ile. Sikusema, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu, maana fundi wa mawe anajulikana kwa vile ambavyo hakuvunja. Mikono yangu ndiyo cheti changu.

Jumanne nikaenda kwa Kabati kuomba ufunguo. Kabati ni mtunza makabati, mzee mwenye maneno, anayejua nani amefungua droo gani na amekula nini siku hiyo.

"Arobaini na moja!" akasema. "Leo mnagombea maiti tena, mawifi?"

"Nipe ufunguo."

"Nakupa. Lakini nakwambia, Daktari amekwisha kuandika, na akiandika yule hafuti. Wewe mwenyewe umeshapigana naye mara ngapi? Umeshinda lini?"

"Kabati, nitakufungia humo ndani na nondo zako."

Akacheka, akanipa. Nikauweka mguu chini ya hadubini. Nilitafuta ile sehemu niliyoziba na mimi mwenyewe ikanichukua dakika kumi kuipata. Nilisikia fahari, na papo hapo nikasikia aibu ya ile fahari. Nilikaa pale mpaka mfagizi akaja na ndoo yake.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Mama, shangazi anasema mmegombana tena."

"Shangazi yako anataka kumfuta baba yako."

"Kufuta nini, mama? Si jiwe tu?" Akajirudi. "Samahani. Ila mimi baba simkumbuki, unajua. Wewe na shangazi ndio mnaomkumbuka, na mkikutana mnagombana. Sasa mimi nimuulize nani?"

Nilimwambia nina chungu jikoni, nikakata. Jikoni hapakuwa na kitu.

Nikaamua usiku uleule, na sitasema niliamua kwa wema. Niliamua kwa hasira. Nilimwona wifi akibandika lebo yake juu ya penseli ya mume wangu, nikaona heri niungue nami kuliko lebo ile ikae. Mficha uchi hazai, walisema wenyewe, ingawa mimi nilikuwa nimeuficha muda mrefu mpaka nikazeeka nao.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne, chumba cha juu, meza ndefu na viti visivyolingana. Mkurugenzi wetu ni mtaalamu wa vipepeo, mtu mpole anayeogopa kitu chochote kizito kuliko kalamu. Kabati aliandika kumbukumbu. Wifi alisimama na kusoma orodha yake, sanduku moja baada ya jingine, kwa sauti ile ya kufundishia.

"Arobaini na moja. Kichwabapa, kwa sababu ya—"

"Naomba dakika ishirini," nikasema.

Mafundi huja kwenye kamati kubeba masanduku. Hatusemi. Mkurugenzi akanitazama kama kiti kimemsemesha.

"Ishirini?" akasema. "Za nini?"

"Gundi yangu ni nzuri. Haitoki upesi."

Nikatoa kwenye mfuko wa aproni chupa ya asetoni, brashi nyembamba na pamba. Nikaufungua mguu juu ya kitambaa, mbele yao, nikawasha taa ya mezani. Nikaanza kulowesha. Harufu ikajaa, Kabati akakohoa na kufungua madirisha, mkurugenzi akafunika pua kwa leso. Wifi hakusogea. Alikuwa ameshaelewa kuwa naondoa kitu, lakini hakujua ni nini, na mimi nilifurahi kumwona hajui. Nalisema wazi: ile ndiyo furaha pekee niliyoipata siku ile, na ilidumu kama dakika kumi na tano.

Gundi ikalainika, ikawa uji wa kijivu. Nikaifuta. Kishimo cha kwanza kikaonekana, mviringo, kisafi, ukingo wake unang'aa. Kisha cha pili. Nikasogea.

Wifi akainama na lenzi yake. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Sita." Akageuza lenzi kidogo. "Saba."

"Saba nini?" mkurugenzi akauliza.

"Vidole. Kila kishimo hapa ni cha kidole. Huyu alikuwa na saba." Akainua kichwa. "Nani alijaza hapa?"

"Mimi."

"Na vidole viko wapi?"

Hapo ndipo moyo uliponikimbia. Nilikuwa nimepanga kusema yote. Nikaona macho ya Kabati, nikaona leso ya mkurugenzi, nikaona nyuso mbili za watu ambao kwa miaka thelathini wameniita fundi. "Sindano iliteleza," nikasema. "Nikaogopa, nikaziba."

Kabati akatikisa kichwa. "Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka baada ya maneno yake.

Nikamngoja wifi anirarue. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu ya miaka ishirini na miwili kifuani. Badala yake aliichukua orodha yake, akafuta mstari kwa kalamu, akasema, "Sanduku la arobaini na moja si Kichwabapa. Nilikosea. Ni jenasi mpya, nami nitaiandika." Kisha akakaa. Hata ushindi wangu alinipokonya, akausema yeye.

Mkurugenzi naye alilazimika kuwa mkurugenzi. Barua ilikuja Jumatatu: nimeondolewa kwenye kazi ya mifupa, nitaandika lebo ghalani mpaka nistaafu. Hadubini ikahamishiwa chumba kingine. Sindano ni zangu, nilizinoa mwenyewe, nikapewa ruhusa ya kuondoka nazo. Sikulalamika kwa mtu. Nilitaka mnyama asimezwe, hakumezwa.

Wifi aliandika kwa wiki sita. Siku aliyoshuka na karatasi nilikuwa nazifunga sindano zangu kwenye kitambaa, moja moja. Hakuvaa visigino. Nilishtuka kumwona mlangoni, sikuwa nimemsikia.

"Fundi aliyesafisha lazima asaini maelezo," akasema. "Ndiyo taratibu."

Akaweka karatasi mezani. Mstari wa kwanza ulikuwa jina. Sururu, na nyuma yake mkia wa Kigiriki unaomaanisha mnyama atambaaye. Nililisoma mara nne. Jina lake la utani, lile nililokuwa nikimwitia nje ya dirisha, limeandikwa kwa herufi za kulala kama majina yote ya wanyama, na haliwezi kufutwa na mtu yeyote tena. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, ingawa mbele yake ningependa kuyaficha.

Nikaendelea. Mstari wa kumi na mbili ulisema hivi: "Kidole cha sita na cha saba vilipotea kwa bahati mbaya wakati wa kusafisha."

"Saini hapo chini," akasema.

Nilichukua kalamu. Yeye akawa anautazama mkono wangu.

"Nimekuona ukifanya kazi miaka thelathini," akasema. "Sikupendi, wifi, unajua. Lakini sijaona sindano yako ikiteleza hata mara moja. Siku ile ikateleza mara mbili? Kidole hiki, halafu kile?"

Ningeweza kusaini tu. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anayeuliza mtu mwenzake, bila ile sauti ya kufundishia, na nilikuwa nimechoka kuubeba mzigo ule peke yangu.

Nikamwambia. Nilimwambia mtoto alivyolia mlangoni, na peremende, na ndevu. Nilimwambia Sururu alivyosema kwamba akipata kidole cha sita lazima arudi kutafuta mguu wa pili. "Nilitaka abaki," nikasema. "Ulisema mke mwenye akili angemzuia. Mimi nilimzuia. Hivyo ndivyo nilivyomzuia."

Nilidhani atapiga kelele. Alivuta kiti cha hadubini, ambacho hakikuwa na hadubini tena, akakaa.

"Alikuja ofisini kwangu," akasema, "siku mbili kabla ya safari ile ya mwisho. Nilimwambia asiende, mawe ya kule yamelegea, mvua zimepita. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alisema, 'Dada, yule wa arobaini na moja angekuwa wangu, ningekaa chini nikaandika. Mguu wa pili ningetuma vijana wakautafute. Nimechoka, mtoto wangu hanijui. Lakini sina hata mnyama mmoja. Nikikaa leo, nitakaa kama nani?'"

 Nilishika ukingo wa meza. Kule mezani kwangu, mdomo umejaa, alikuwa akijigamba. Kwa dada yake ndiko alikokwenda kusema kweli. Nami nilisikiliza majigambo, nikachukua sindano.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza hatimaye.

"Ili iwe nini? Nilikuwa najua ni vidole vitano." Akainamisha kichwa. "Nilimwambia mimi mwenyewe. Nilimwambia, 'Basi mdogo wangu, si wako, ni wa kwangu, kubali.' Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Tukakaa hivyo, wajane wawili wa mtu mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Nisidanganye kwamba tulipatana. Nilimchukia kwa kulijua neno lile miaka yote, naye alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama ule ukuta wa mawe.

Kisha akasukuma karatasi kwangu. "Saini kama ilivyo. Bahati mbaya. Naiacha hivyo kwa ajili ya mtoto. Atasoma siku moja."

"Atasoma, ndiyo."

"Basi saini."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wifi," nikasema. "Na wewe ndiye wa mwisho ninayetaka aniambie."

Nikakata yale maneno ya kupotea kwa bahati mbaya, mstari mmoja. Juu yake nikaandika mengine kwa herufi ndogo, kama za lebo. Nikasaini, nikamrudishia.

Daktari hapokei sahihisho bila kulisoma kwa sauti; ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyowafundisha wengine. Akashusha miwani kutoka kichwani. "Kidole cha sita na cha saba," akasoma, "viliondolewa na fundi aliyesafisha, ambaye..."

Akaishia hapo, kidole juu ya neno. 

"Ambaye aliviona," nikamsomea mimi.